Mkusanyo wa pili: kadi zilizosainiwa za Detroit Tigers wa 1984

Mkusanyaji anayechambuliwa hapa hana jina kwa sababu ni wengi. Hali yake tunaikuta mara kwa mara kwa wapenzi wa kadi za besiboli wa Michigan, nasi tumemvisha mtu mmoja ili hatua zifuatike. Mkusanyo wake mkuu ni seti za Topps, kampuni ya kuchapa kadi, za 1978 hadi 1990. Seti za mwanzo, hadi 1981, zina kadi 726 kila moja. Kuanzia 1982 ni 792. Zote amezikamilisha. Kilichobaki ni maboksi ya kadi zilizojirudia na hamu isiyo na kazi, ndipo akaamua kuanzisha mkusanyo wa pili: kadi zenye saini za timu aliyokua akiishangilia, Detroit Tigers.

Baada ya mwaka mmoja alichokuwa nacho ni rundo. Humo kulikuwa na saini za wachezaji wa miaka ya 1970, ya 1990 na ya 2010 bila mpangilio. Saini tano za mrushaji mmoja, kwa kuwa tu bwana huyo hujibu barua haraka. Mbili zilizonunuliwa mnadani bila ushahidi wowote wa zilikotoka. Na kadi namba 707 ya Topps 1978, iliyochomolewa kwenye seti kuu, ikapelekwa kusainiwa, ikarudi na saini nzuri na kona iliyobonyea.

Tuanze na hiyo 707. Ina sura nne za chipukizi waliocheza nafasi ya shortstop (mlinzi kati ya kituo cha pili na cha tatu), Alan Trammell na Paul Molitor wakiwamo, na wote wawili wako sasa Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa besiboli. Kuisainisha kulizaa matatizo mawili kwa mpigo. Kwanza, seti kuu imepata pengo. Kadi yenye saini si kadi ileile tena: anayepima ubora wa kadi huihesabu kuwa kitu cha aina nyingine, na mnunuzi wa seti safi ataiona kama kadi iliyoandikwa. Pili, saini moja juu ya kadi ya watu wanne huomba ya pili. Mtu hujikuta anamwandama Molitor, ambaye hakuichezea Tigers hata siku moja, kwa sababu tu nafasi iliyo wazi inamkera. Tiba ni moja tu: auze hiyo iliyosainiwa, anunue 707 safi, na aweke kanuni kwamba mkusanyo mkuu hauguswi. Kinachosainiwa kitoke kwenye boksi la ziada. Kadi ya kawaida ya miaka ya 1980 hununuliwa kwa senti chache. Hakuna sababu ya kuipeleka posta kadi ambayo ikipotea itakunyima usingizi.

Mpaka wa mkusanyo

"Saini za Tigers" si lengo, kwa maana halina mwisho. Timu ina zaidi ya miaka mia moja. Mkusanyo wa pili unahitaji mpaka mwembamba kuliko ule wa kwanza, kwa sababu kila nafasi inadai kazi ya pekee: barua, safari, au fedha. Tulipendekeza mwaka mmoja, 1984, nao unajieleza kwa yeyote anayeijua timu hii. Walianza msimu kwa kushinda mechi 35 kati ya 40 za kwanza, wakamaliza na ushindi 104, wakaipita Kansas City Royals bila kufungwa hata mechi moja, kisha wakaichapa San Diego Padres mechi 4 kwa 1 kwenye World Series, fainali ya ubingwa.

Orodha ni wachezaji 25 waliosajiliwa kwa World Series, pamoja na kocha mkuu Sparky Anderson. Jumla nafasi 26. Kurasa tatu za albamu, kila moja yenye mifuko 9, zinakupa mifuko 27, kwa hiyo mkusanyo mzima unakaa mbele ya macho na mfuko mmoja unabaki kwa karatasi ya orodha. Ukubwa huu ni mzuri kuliko unavyoonekana. Mtu akiwa na nafasi 26 hujua kwa hakika ni ngapi zimebaki. Akiwa na 200 huanza kuhesabu alizo nazo, na hapo ndipo saini tano za mrushaji mmoja zinapoingilia.

Kisha swali la kadi ipi. Mkusanyaji wetu, kwa mazoea, alitaka Topps 1985. Si chaguo baya: haina saini ya kuchapishwa juu yake, tofauti na Topps za 1975, 1980 na 1982, ambazo zina saini ya mchezaji iliyochapwa kiwandani na hufanya saini ya kweli ionekane kama imeandikwa juu ya nyingine. (Wauzaji wasiojua, na wengine wanaojua sana, huuza hizo za kuchapishwa kama saini halisi. Ukiitazama kwa lenzi utaona nukta za uchapaji badala ya mstari wa wino.) Lakini kwa mpango wa timu moja, seti ya kampuni nyingine, Fleer 1985, ni bora zaidi. Fleer ilipanga kadi zake 660 kwa timu, na bingwa alitangulia: Doug Bair ni namba 1, akifuatwa na Juan Berenguer na Dave Bergman kwa utaratibu wa alfabeti. Yaani kampuni ilishakufanyia kazi ya kupanga. Zaidi ya hayo picha nyingi ni wazi na zina nafasi ya saini.

Seti ya Donruss, kampuni ya tatu, ya mwaka huohuo tungeiacha kabisa. Fremu yake ni nyeusi. Wino wa buluu ukigusa hapo unamezwa, na kingo nyeusi huonyesha kila mkwaruzo wa safari ya posta.

Fleer haikuwa na kadi ya kocha, kwa hiyo Sparky lazima atoke Topps 1985, na hiyo tunaikubali kama ubaguzi ulioandikwa tangu mwanzo. Ubaguzi usioandikwa ndio unaobomoa mkusanyo. Utaratibu wa mbadala uwe hivi: Fleer 1985 kwanza, ikikosekana, Topps 1985, ikikosekana, kadi yoyote ya 1984 yenye sare ya Tigers, ikikosekana hiyo pia, kadi tupu ya karatasi ya inchi 3 kwa 5 yenye saini. Kuwa makini na hilo la sare. Willie Hernández na Bergman waliletwa Detroit mwezi Machi 1984, na Darrell Evans alisajiliwa mwishoni mwa 1983, kwa hiyo kadi zao za kawaida za Topps 1984 zinawaonyesha wakiwa na timu zao za zamani. Za Tigers ziko kwenye Topps Traded, seti ya nyongeza ya mwaka huo ya wachezaji waliohama timu. Howard Johnson naye aliuzwa New York Mets mwishoni mwa 1984, hivyo seti za nyongeza za 1985 zinamweka na sare ya Mets. Mtu akinunua kwa haraka anapata mchezaji sahihi na timu isiyo yake.

Kwanza waliofariki

Hapa ndipo tunapopishana na ushauri wa kawaida. Wengi husema anza na saini rahisi ili upate moyo. Sisi tunasema anza na zile ambazo hazitaandikwa tena. Saini ya mchezaji aliye hai na anayejibu barua itapatikana mwakani kama inavyopatikana leo. Ya aliyefariki iko katika idadi iliyofungwa, na ukikuta iliyo halali kwa bei inayoeleweka huku fedha zako zimeishia kwenye saini ambazo ungezipata kwa stempu, umekosa mara mbili.

Katika kundi hili la 1984 waliotangulia ni pamoja na Aurelio López (1992), Dwight Lowry (1997), Sparky Anderson (2010), Dave Bergman (2015), Willie Hernández (2023) na Chet Lemon (2025). Majina sita, na kila moja lina tabia yake sokoni.

Sparky hana shida. Aliishi miaka mingi baada ya kustaafu, alisaini sana, na aliingia Hall of Fame mwaka 2000. Hilo la mwisho linasaidia kupanga tarehe: saini yenye maandishi "HOF 2000" imewekwa kati ya mwaka huo na kifo chake. Bergman vilevile hapatikani kwa taabu. Alibaki Michigan baada ya kuacha kucheza, na wakusanyaji wa huko walimfikia kirahisi.

Hernández ndiye aliyechukua tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, na ya mchezaji bora wa ligi kwa pamoja mwaka 1984, kwa hiyo saini yake ina wanaoitafuta nje ya mashabiki wa timu. Baadaye aliomba aitwe Guillermo. Ukikuta kadi ya 1985 imesainiwa "Guillermo", usiitupe ukidhani mghushi kakosea jina; inawezekana kabisa ilisainiwa miaka ya mbele. Kwa mkusanyo huu tungependelea "Willie", kwa kuwa ndilo jina lililochapwa kwenye kadi, lakini tusingelipa zaidi kwa ajili hiyo.

Lemon aliugua viharusi vingi katika miaka yake ya mwisho. Muuzaji anayedai saini aliyonayo iliwekwa ana kwa ana katika kipindi hicho aulizwe maswali mengi: wapi, mbele ya nani, mkono wake ulikuwa na hali gani. Saini zake za siku za uchezaji na za miaka ya 1990 ndizo za kutafuta.

López ni mgumu. Alifariki kwa ajali ya gari huko Mexico, kabla intaneti haijawaunganisha wakusanyaji na kuwapa orodha za anwani. Saini zake nyingi ni za uwanjani, za mtoto aliyesimama kando ya uzio akiwa na kadi na kalamu yoyote iliyokuwapo. Ndiyo maana saini halisi ya López mara nyingi si nzuri: ya kalamu ya mpira, imepinda, kadi ina mikunjo. Saini ya López iliyo safi mno, kwa makapeni ya buluu, katikati kabisa ya kadi isiyo na alama, inatakiwa ikushtue kidogo. Kuna kipimo kingine kisichohitaji utaalamu wowote: tarehe ya kadi dhidi ya tarehe ya kifo. Kadi ya kumbukumbu iliyochapwa baada ya Septemba 1992 haiwezi kuwa na saini yake, hata cheti kiseme nini.

Barua kwa walio hai

Njia ya posta ndiyo uti wa mgongo wa mkusanyo wa namna hii, na inaharibiwa na vitu vidogo. Bahasha ya nje ni namba 10, inchi 4⅛ kwa 9½. Ndani yake inaingia bahasha ndogo ya kurudishia, namba 6¾, yenye anwani yako na stempu tayari, bila kukunjwa. Barua moja, kadi mbili, na kipande kimoja cha kadibodi nyembamba ya boksi la nafaka iliyokatwa kwa upana zaidi kidogo ya kadi. Vyote hivyo havifiki wakia moja, yaani gramu 28, kwa hiyo stempu moja ya Forever, ile ya posta ya Marekani kwa barua ya kawaida, kila upande inatosha. Ukiweka kadibodi nene mpaka bahasha isipinde, posta ya Marekani inaihesabu kuwa haipiti mashineni na inadai nyongeza. Stempu ikipungua kwenye bahasha ya kurudi, mchezaji ndiye anayesumbuliwa.

Usitume kadi ndani ya kifuko kigumu. Mchezaji wa miaka 70 hataki kupambana na plastiki, na wengine husaini juu ya kifuko chenyewe. Kimfuko laini kinatosha, au kadi bila kimfuko kati ya kadibodi na barua.

Kwa nini kadi mbili na si tano? Moja anasaini, ya pili unamwambia abaki nayo akitaka. Wengi husaini zote mbili na kuzirudisha. Ukituma tano umejitambulisha kuwa mfanyabiashara, na jibu linakuja kwa ukimya.

Barua iandikwe kwa mkono, nusu ukurasa, na itaje jambo moja ambalo si kila mtu analijua. Ukimwandikia Rusty Kuntz usimwambie kwamba yeye ni shujaa wako. Taja ule mpira mfupi alioupiga juu kwenye mechi ya 5 ya World Series, ambao Kirk Gibson aliutumia kukimbilia kituo cha nyumbani na kuipa timu uongozi. Mtu anayeandikiwa na wageni hutambua haraka aliyemfuatilia kweli. Ombi liwe wazi: kadi ipi, wino gani, na kama unataka jina lako liandikwe. Hapa nasi tuna upande. Wauzaji hukimbia saini yenye "Kwa fulani" kwa kuwa inashusha bei. Mkusanyo wa pili haujengwi kwa ajili ya kuuza, na wachezaji wengi humsainia kwa moyo zaidi mtu anayekubali jina lake liandikwe. Isitoshe, hakuna anayeghushi saini yenye jina lako.

Kabla ya kufunga, andika kwa penseli jina la mchezaji ndani ya ulimi wa bahasha ya kurudi. Baada ya miezi minane bahasha inarudi na saini isiyosomeka, na bila alama hiyo hujui ni ya nani. Majibu huchukua kuanzia wiki mbili hadi zaidi ya mwaka, na mengine hayaji kabisa. Wachezaji fulani huomba mchango mdogo kwa kila saini. Kiasi hicho kiulizwe kabla, kisitumwe kwa kubahatisha. Na ikiwa barua imerudi bila kufunguliwa, usitafute anwani nyingine ya nyumbani. Subiri tukio la hadhara.

Msomaji aliyeko Dar es Salaam au Mombasa anaweza kufanya haya yote isipokuwa jambo moja: stempu za kwetu hazina kazi kwenye bahasha inayorudi kutoka Marekani. Unahitaji stempu ya Global Forever ya huko, ambayo inafikisha barua ya wakia moja nchi yoyote, na njia rahisi ni ndugu au rafiki aliyeko Marekani akununulie chache. Anwani ya kurudi iwe ya S.L.P. na neno TANZANIA au KENYA liandikwe kwa herufi kubwa mstari wa mwisho.

Wino na uso wa kadi

Kadi za miaka ya 1980 hazina ule mng'ao wa kadi za siku hizi, na hiyo ni bahati. Wino unashika. Bado kuna hatari ya nta: pakiti za zamani zilifungwa kwa karatasi ya nta, na kadi iliyogusana nayo hubaki na utando usioonekana. Makapeni ikipita hapo, wino hujikusanya kama maji juu ya mafuta na saini inakuwa na mapengo. Dawa ni ufutio mweupe laini upitishwe polepole mara mbili tatu mahali patakaposainiwa, au poda ya mtoto kidogo kwa pamba, kisha ifutwe yote. Fanya hivyo nyumbani kwa kadi ya majaribio kwanza. Kwa kadi mpya zenye mng'ao hatua hii ni ya lazima.

Kalamu: makapeni ya Sharpie ya buluu, ncha ya kawaida. Buluu, kwa sababu nyeusi hufanana na uchapaji na juu ya picha yenye kivuli inapotea. Ncha nyembamba mno hukwaruza, na wino wake ni mdogo. Kama picha ni ya giza pande zote, wino wa fedha unafanya kazi, lakini kalamu za rangi ya fedha lazima zitikiswe na kuanzishwa kwenye karatasi nyingine, la sivyo tone la kwanza linaangukia uso wa mchezaji. Kwa hiyo wino wa fedha ni wa ana kwa ana tu. Kwa posta, chagua kadi yenye anga au sare nyeupe na umwachie mchezaji kalamu yake. Kutia kalamu kwenye bahasha ni kuomba bahasha ipasuke mashineni.

Saini mpya iachwe wazi usiku mzima kabla ya kuingizwa kwenye plastiki. Wanaoharakisha hukuta alama ya wino imeshikana na kimfuko. Plastiki yenyewe iwe polipropilini. Kurasa za zamani za PVC, zile zenye harufu kali, hulainika kwa joto na hunyonya wino. Na zisikae juani. Wino wa buluu hufifia kwenye mwanga wa dirisha kwa kasi ambayo huioni mpaka uiweke kadi karibu na nyingine iliyokuwa gizani.

Nyota watatu au wanne

Jack Morris na Trammell waliingia Hall of Fame pamoja mwaka 2018. Lou Whitaker, aliyeanza siku moja na Trammell mwezi Septemba 1977 na kucheza naye mechi 1,918, bado yuko nje, jambo ambalo halijatulia Detroit, ingawa timu iliistaafisha namba yake 1 mwaka 2022. Gibson ndiye wa ile mechi ya 5. Hawa hawastahili kutegemewa kwa posta peke yake.

Njia ya kwanza ni Lakeland, Florida, ambako Tigers hufanya mazoezi ya kabla ya msimu na wachezaji wa zamani huonekana kama washauri na wageni. Mwezi Februari na Machi, asubuhi, kabla ya mechi, uzio ni mfupi na watu ni wachache kuliko Comerica Park, uwanja wa Tigers huko Detroit, wakati wa msimu. Beba kadi moja ya kila mmoja, iliyokwisha pitishwa ufutio, juu ya ubao mdogo wa kuandikia, na kalamu iliyofunguliwa. Wanaochelewesha foleni kutafuta kadi kwenye mkoba huondoka mikono mitupu.

Njia ya pili ni tukio la kulipia: maonyesho ya kadi, au usainishaji wa faragha ambapo mwandaaji anatangaza siku ya mwisho ya kupokea vitu, unatuma kadi na ada, inarudishwa imesainiwa. Soma masharti ya maandishi ya ziada. Saini ni bei moja, na "84 WS MVP" kwa Trammell ni bei nyingine. Kwa mkusanyo huu maandishi hayo yana maana, kwani Trammell ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa World Series hiyo, lakini yanakula nafasi kwenye kadi ndogo ya inchi 2½ kwa 3½. Tungechukua saini peke yake.

Kuhusu Gibson: alitangaza mwaka 2015 kwamba ana ugonjwa wa Parkinson. Anayelinganisha saini alinganishe na nyingine za kipindi kilekile. Mtetemo kwenye mstari ni dalili ya kwanza ambayo vitabu vya kutambua saini za kughushi huitaja, na kwa watu wenye maradhi ya mikono au umri mkubwa dalili hiyo haithibitishi lolote peke yake.

Mnadani, kati ya kweli na uongo

Zile saini mbili zisizo na ushahidi zilizokuwa kwenye rundo la mwanzo ndizo zilizogharimu zaidi kwa kila inchi. Historia ya biashara hii inatosha kumfanya mtu awe mkali. Uchunguzi wa FBI ulioitwa Operation Bullpen, ulioanzia San Diego miaka ya 1990, ulifichua mtandao wa waghushi waliosaini kila kitu, hadi mipira ya besiboli yenye jina la Mama Teresa. Tony Gwynn, aliyekuwa upande wa Padres walioshindwa mwaka 1984, alikuta saini bandia za jina lake mwenyewe kwenye vitu vilivyouzwa na duka la timu yake.

Mghushi huchora, mwenye jina huandika. Saini ya kuchorwa ina mwendo wa polepole: unene wa wino uko sawa mwanzo hadi mwisho, mwanzo wa herufi una nukta pale kalamu ilipotua ikasita, na mkia hauishii kwa kunyanyuka bali unakatika. Ya haraka huanza na kuisha kwa wembamba. Tazama pia ukaaji wake: mghushi huogopa kugusa uso wa mchezaji, wakati wachezaji wenyewe husaini popote.

Cheti cha muuzaji ni karatasi tu. Kinachokubalika sokoni ni uthibitisho wa makampuni machache: PSA, JSA na Beckett. Hata hao hukosea, na maoni yao ni maoni, lakini ndiyo maoni ambayo mnunuzi wa baadaye atayakubali. Je, kila kadi ipelekwe? Hapana. Ada ya kuthibitisha saini ya mchezaji wa akiba mara nyingi inazidi bei ya kadi na saini kwa pamoja. Kwa nafasi hizi 26 tungethibitisha zile za waliofariki zilizonunuliwa, na nyota yeyote asiyepatikana ana kwa ana. Zilizobaki ushahidi wake ni daftari: jina, kadi na namba yake, tarehe ya kutuma na ya kurudi, gharama, aina ya wino, njia iliyotumika. Bahasha ya kurudi yenye muhuri wa posta wa mji alikokaa mchezaji ihifadhiwe. Ukilipia uthibitisho, omba barua ya uthibitisho, au kadi ifungwe kwenye plastiki ya kampuni. Stika ya kung'aa isibandikwe mbele ya kadi. Kumbuka tu kwamba kadi iliyofungwa haitaingia kwenye mfuko wa albamu.

Kuna waliomshauri mkusanyaji wetu achukue njia fupi ya kadi zilizosainiwa kiwandani, desturi iliyoanza mwaka 1990 pale kampuni ya kadi ya Upper Deck ilipotia kadi 2,500 za mchezaji Reggie Jackson zenye saini na namba kwenye pakiti zake. Uhalali wake hauna ubishi mkubwa. Lakini nyingi ni kadi za kisasa zinazoiga za zamani, na baadhi zina saini kwenye stika iliyobandikwa, mchezaji hakuigusa kadi. Zinavunja mpaka wa mkusanyo. Tungezikubali kama za kushikilia nafasi tu.

Nafasi ya Lowry

Dwight Lowry, mdakaji wa akiba, alicheza misimu minne ya ligi kuu na akafariki akiwa kijana. Kadi zake ni chache, saini zake ni chache zaidi, na waliomtafuta alipokuwa hai walikuwa wachache kuliko wote. Kwa nafasi hii utaratibu wa mbadala hufika mwisho: huenda ukapata saini kwenye karatasi ya inchi 3 kwa 5 mapema kuliko kwenye kadi yoyote. Inunue. Haitaingia kwenye mfuko wa kadi, na kishawishi kitakuwa kuikata ilingane. Usiikate, kwa kuwa kingo, aina ya karatasi na nafasi inayoizunguka saini ni sehemu ya kile mthibitishaji anachokitazama, na ikishakatwa inashuka thamani papo hapo. Nunua ukurasa mmoja wa mifuko minne mikubwa, uuweke nyuma ya zile kurasa tatu, na kwenye mfuko mtupu wa Lowry weka kadi yake isiyo na saini. Alama ya penseli kwenye karatasi ya orodha, mfuko wa 27, ionyeshe saini iko wapi.